Kuchagua jiko la gesi la kupikia bia nyumbani: mwongozo kamili kwa wapishi wa Uganda

Jiko la gesi la kawaida, lile la vichomeo viwili lililo jikoni kwako, litakupikia bia ya lita 5 bila manung'uniko. Ukipanda hadi lita 20 mambo hubadilika. Maji yanakaa karibu saa nzima kabla ya kuchemka, yakichemka yanatetemeka pembeni tu, na sufuria imefunika vichomeo vyote viwili huku kimoja tu ndicho kinachofanya kazi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, na kumwambia fundi awape jiko lenye moto mkali. Fundi hana neno: "Mzee, chukua hili, linachemsha sufuria ya harusi!" Na kweli linachemsha. Ukifika nyumbani ndipo unagundua kwamba regulata yako, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, hailiwezi, mtungi wako mdogo unashindwa kulilisha, na kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) kimeungulia chini kabla hujakoroga mara ya pili. Jiko ni sehemu moja tu ya mnyororo wa sufuria, kichomeo, mpira, regulata na mtungi. Kwa hiyo tutaanza na sufuria, na dukani tutakwenda mwisho.

Sufuria kwanza

Ili upate lita 20 za bia chupani, unahitaji lita 26 au 27 za maji ya kimea, yaani yale yaliyochujwa baada ya kuloweka kimea, wakati wa kuanza kuchemsha. Kwa saa moja ya kuchemka vizuri zitapotea lita 3 hadi 4 kwa mvuke, na nyingine zitabaki chini pamoja na mashapo ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Juu ya hapo unahitaji nafasi ya povu, maana maji ya kimea yakikaribia kuchemka huumuka ghafla kuliko maziwa. Sufuria ya lita 36 hadi 40 ndiyo saizi yake. Nyingi za ukubwa huo zina upana wa sentimita 36 hadi 40, na kipimo hicho cha upana ndicho utakachokwenda nacho dukani.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba upana wa kichomeo uwe kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa sufuria. Kwa sufuria ya sentimita 38, tafuta kichomeo cha sentimita 20 hadi 25. Kikizidi hapo, ndimi za moto zinapanda ubavuni: gesi inapasha joto hewa ya uani, masizi yanapaka sufuria, na kama umeitoboa ukaweka bomba au kipimajoto, mpira wa kuzuia kuvuja unaiva. Kikiwa kidogo mno, joto lote linapiga sehemu moja katikati, na hapo ndipo panapoungua.

Sufuria za alumini za soko la Owino, Kampala, zinafaa kabisa, maana ni nyepesi na zinasambaza joto vizuri. Kagua unene wa kitako tu. Kitako chembamba kikipigwa na moto wa nguvu hujikunja, na sufuria ya lita 40 inayoyumba juu ya moto ni hatari ambayo haihitaji maelezo.

Moto wa kiasi gani?

Hapa ndipo ninapowasihi watu watulie na kalamu. Kupandisha lita 27 kutoka nyuzi 65, joto la kuloweka kimea, hadi nyuzi 96, kunahitaji takriban kilowati-saa 1 ya joto linaloingia ndani ya maji. Kugeuza lita 4 kuwa mvuke kwa muda wa saa moja kunahitaji nyingine 2.5. Jiko la gesi la wazi, lenye sufuria juu na upepo ukipita, huingiza ndani ya sufuria kama asilimia 40 ya joto linalotoa. Zinazobaki zinakwenda hewani.

Sasa chukua kichomeo kikubwa cha jiko la jikoni, chenye kilowati 3. Kinachoingia sufuriani ni kilowati 1.2. Utangoja dakika 50 au zaidi kufikia kuchemka, na ukifika hapo mvuke wako hautafika hata lita 2 kwa saa. Kuchemka kwa namna hiyo hakutoshi. Kimea cheupe, hasa kile cha pilsner, huzalisha kikipashwa joto kemikali inayonuka kama mahindi ya kopo au kabichi iliyochemshwa, na dawa yake ni kuchemsha kwa nguvu, sufuria ikiwa haijafunikwa, ili itoke na mvuke. Kichomeo cha kilowati 10 kitakufikisha kwenye kuchemka kwa dakika 15 hivi, kisha utakipunguza hadi 6 au 7 na kukiacha kifanye kazi yake.

Kwa hiyo, kwa bia ya lita 20 tafuta kilowati 8 hadi 12. Kwa lita 10, kilowati 5 zinatosha. Kwa lita 40 au 50, nenda 15 hadi 20. Majiko ya kilowati 30 na kuendelea waachie wanaopikia shule.

Maboksi ya dukani hayakubaliani kwenye vipimo. Kilowati 10 ni sawa na BTU 34,000 kwa saa, au kilokalori 8,600 kwa saa, au gesi ya takriban kilo 0.78 kwa saa. Kipimo cha mwisho ndicho ninachokiamini, kwa sababu unaweza kukipima mwenyewe kwa mizani. Maandishi ya boksi mara nyingi huandikwa na mtu aliyetaka kuuza.

Mwinuko wetu

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, mji ulio juu zaidi, ni nyuzi 93 au 94. Usikae ukiongeza moto ukingoja kipimajoto kisome 100. Hakitasoma. Angalia maji yenyewe: yakipinduka katikati ya sufuria, yamechemka.

Mwinuko unagusa jiko pia. Hewa ya Kampala ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, na kichomeo kilichotengenezwa kwa ajili ya pwani kitakosa hewa ya kutosha huku. Dalili zake ni ncha za njano kwenye moto na masizi chini ya sufuria. Ndiyo maana sinunui kichomeo kisichokuwa na kile kisahani kidogo cha kufungulia hewa nyuma, karibu na mahali gesi inapoingilia. Kwa kisahani hicho unarekebisha moto mwenyewe nyumbani. Bila hicho utaishi na masizi.

Tena, uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi kadiri maji yanavyochemka kwa joto dogo. Ukifuata maelekezo yaliyoandikiwa watu wa pwani, ongeza hopsi kidogo au chemsha dakika 10 hadi 15 zaidi, na uhesabu gesi hiyo mapema.

Aina za vichomeo

Kile ninachopendekeza kwa wengi ni kichomeo cha pete cha chuma cha kusubu, chenye pete mbili au tatu, kila moja na koki yake. Kina matundu mengi madogo, moto wake unatanda chini ya sufuria yote, hakipigi kelele, na ukitaka kupunguza unafunga pete ya nje na kuacha ya ndani. Vingine vimetengenezwa kwa presha ndogo ya majumbani, vingine kwa presha kubwa. Kwa umbo vinafanana sana, kwa hiyo muulize muuzaji, kisha usome kibandiko.

Kuna kile cha mdomo mmoja, kinachounguruma. Kinatoa moto mwembamba mrefu wenye nguvu kubwa. Kwa kuchemsha maji matupu hakina mpinzani, na anayetaka maji ya moto ya kujazia chungu cha malwa, pombe ya ulezi, hana haja ya kitu cha kifahari zaidi, kwa sababu maji hayaungui. Kwa maji ya kimea yenye sukari ni habari nyingine. Kelele zake pia si za kupuuza: ukianza kupika saa kumi na mbili asubuhi, mtaa mzima utajua.

Anayepika kwa mtama anapaswa kusikiliza hapa zaidi kuliko wengine. Mtama wetu mweupe wa Epuripur ndio uliotumika kutengeneza Eagle, bia ambayo Nile Breweries ya Jinja iliiingiza sokoni mwaka 2002, na wapishi wengi wa nyumbani wanautumia kwa sababu unapatikana na bei yake si ya kimea cha kuagiza. Lakini wanga wa mtama haulainiki kwenye nyuzi 65 kama ule wa shayiri. Unahitaji zaidi ya nyuzi 70, na kwa kawaida watu huupika kwanza kama uji, kisha huuacha upoe kabla ya kuchanganya na kimea. Uji unashika chini. Ukiupika juu ya kichomeo cha mdomo mmoja, utapata duara jeusi katikati ya kitako na bia yenye ladha ya moshi ambayo hukuikusudia. Kwa mtama chukua pete pana, moto mdogo, na mwiko usiotoka mkononi.

Vichomeo vya kuchomelewa Katwe vina watu wake, na mimi sivibezi. Vingine ni imara kuliko vya boksi. Kagua mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Matundu yawe ya ukubwa mmoja na yamepangwa sawa. Kuwe na nozeli halisi ya shaba yenye tundu dogo, iliyofungwa kwa skrubu, wala si bomba lililobanwa kwa nyundo. Na kuwe na nafasi ya kuingiza hewa unayoweza kuifungua na kuifunga. Kisha mwombe fundi akiwashe mbele yako. Akisema gesi imekwisha, rudi siku nyingine.

Ukinunua jiko la kuagizwa kutoka nje, hakikisha limeandikwa kwamba ni la gesi ya mitungi. Mengine hutengenezwa kwa gesi ya mabomba, ambayo majumbani kwetu haipo. Nozeli zake ni kubwa zaidi, na ukiunganisha mtungi utapata moto mrefu wa njano usiotawalika.

Regulata, mpira na mtungi

Regulata ya kawaida ya nyumbani, ile ya kubonyeza, hutoa presha moja tu, takriban milibari 30. Kichomeo cha presha kubwa kinataka regulata ya kuzungusha, yenye uwezo wa kufika hadi bari 1 au 2. Ukikifunga kwenye regulata ya nyumbani kitawaka kimoto cha kuonea huruma, na wapo wanaotatua tatizo hilo kwa kuondoa regulata kabisa. Usifanye hivyo, hata kwa dakika moja. Na kinyume chake: regulata ya presha kubwa isiguse jiko la ndani, kwa sababu koki na mipira ya jiko hilo haikutengenezwa kwa presha hiyo.

Vali za mitungi hutofautiana kwa kampuni. Piga picha ya vali ya mtungi wako kabla ya kwenda kununua regulata.

Mpira uwe wa gesi hasa, uwe na maandishi yanayoonyesha presha unayoweza kustahimili, na ufungwe kwa klipu za chuma pande zote mbili. Mita 1.5 hadi 2 zinatosha kuuweka mtungi mbali na moto. Mpira wa maji wa bustani ni mpira wa maji wa bustani.

Mtungi wa kilo 6 unaweza kupikia bia, lakini kwa jiko la kilowati 10 utauona ukihangaika. Gesi iliyo ndani ni kimiminika, na ili igeuke kuwa gesi inachukua joto kutoka kwenye chuma cha mtungi. Ukiivuta haraka, mtungi unapoa, unatoa jasho kwa nje, presha inashuka, na moto unafifia katikati ya kazi, hasa mtungi ukiwa umefika nusu. Mtungi wa kilo 12 au 13 una chuma kingi zaidi cha kupokea joto la hewa, na tatizo hilo karibu linakwisha. Ukiwa na mdogo tu, chagua kichomeo cha kilowati 7 au 8 na ukubali kungoja kidogo. Usiulaze mtungi ili kumalizia gesi, maana kimiminika kitapita kwenye regulata. Wala usiumwagie maji ya moto.

Mguu wa jiko na mahali pa kupikia

Sufuria yenye lita 27 ina uzito wa zaidi ya kilo 30. Mguu wa jiko uwe wa chuma cha pembe kilichochomelewa vizuri, miguu minne iliyopanuka kidogo chini, na juu kuwe na vyuma vinavyoshika kitako chote. Urefu wa sentimita 40 hadi 50 unatosha: unaweza kuona ndani bila kupanda kitu, na hautapinduka mtoto akigusa. Hata hivyo watoto wasiwepo.

Umbali kati ya kichomeo na kitako utaupata kwa macho. Inama uangalie moto ukiwa umewashwa chini ya sufuria. Ndani ya kila ulimi kuna koni ndogo ya buluu iliyokolea. Ncha ya koni hiyo isiguse chuma. Sehemu nyepesi ya nje ndiyo igonge kitako na kutanda. Koni ikigusa, gesi haimalizi kuungua, na masizi yanaanza. Kwa vichomeo vya pete umbali huo huwa sentimita 3 hadi 5, kwa cha mdomo mmoja ni zaidi. Mwambie fundi aweke vishikio vya kichomeo vinavyoweza kupandishwa na kushushwa.

Pikia nje. Jiko la kilowati 10 likikosa hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na mtu huzimia kabla hajajua kuna shida. Najua Kampala mvua ya Aprili au Oktoba haibishi hodi, na kishawishi cha kusukuma kila kitu ndani ya gereji ni kikubwa. Jenga kibanda cha mabati kisicho na kuta, au ahirisha. Veranda iliyo wazi pande mbili inafaa kama paa liko juu na hakuna pazia. Gesi ya mtungi pia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa chini na kujaza mashimo, kwa hiyo usiweke mtungi karibu na mtaro, ngazi za kushukia chini au shimo la choo.

Upepo hula gesi kuliko unavyodhani. Bati lililokunjwa kuzunguka pande tatu za kichomeo litakupunguzia muda. Acha nafasi chini hewa iingie, na mtungi ubaki nje ya bati.

Kuliwasha na kulipima kwa mara ya kwanza

Siku ya kwanza pika maji matupu. Funga kila kitu, fungua vali ya mtungi huku koki ya jiko ikiwa imefungwa, na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu likichipuka, kuna uvujaji: funga, kaza, rudia. Usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Kisha leta moto kwenye kichomeo kwanza, ndipo ufungue koki polepole. Rekebisha kisahani cha hewa hadi moto uwe wa buluu na umetulia. Ncha za njano zinataka hewa zaidi. Moto unaoruka juu ya matundu na kuvuma unataka hewa kidogo au presha ndogo. Ukisikia mlio na moto ukaingia ndani ya bomba, zima mara moja, ngoja lipoe, na uwashe tena kwa presha kubwa kidogo.

Sasa tia lita 20 za maji, pima mtungi kwenye mizani ya dijitali, na upashe kutoka nyuzi 25 hadi 85. Maji hayo yamepokea kilowati-saa 1.4. Tuseme mtungi umepungua gramu 270 kwa dakika 21. Kilo moja ya gesi ina takriban kilowati-saa 12.8, kwa hiyo umechoma kama 3.5, na sufuria imepata asilimia 40. Kwa saa nzima jiko lingekula kilo 0.77, yaani ni la kilowati 10 kweli. Ukipata asilimia 25, usinunue jiko lingine: shusha sufuria, ongeza bati la upepo, rekebisha hewa, upime tena.

Siku ya kupika

Kwa lita 20, kuanzia maji ya kulowekea kimea hadi saa moja ya kuchemsha, tenga kilo 1 hadi 1.3 za gesi. Povu likianza kupanda, punguza moto papo hapo na unyunyizie maji baridi juu. Usiiache sufuria peke yake wakati huo, hata kama simu inaita. Ukimaliza, funga vali ya mtungi kwanza, acha moto uishe wenyewe ili mpira ubaki mtupu, ndipo ufunge koki.

Jiko hili ni la bia. Mvuke wa pombe inayokenekwa huwaka moto, na kutengeneza enguli, pombe kali ya kukenekwa, bila leseni kulikatazwa na sheria ya mwaka 1965. Bia nayo ukianza kuiuza utahitaji leseni.

Kabla ya kila upishi, pima mtungi na utoe uzito wa chuma uliogongwa kwenye kola yake. Kama gesi iliyobaki haifiki kilo 1.5, badilisha mtungi kabla ya kuloweka kimea. Mtungi huo wenye mabaki utafaa kwa chai.